Shajara ya mradi: video wima kwenye kihariri chetu cha mtandaoni

Januari, wiki ya kwanza

Mjadala umerudi mezani, na safari hii sitaki umalizwe kwa neno "tutaona". Je, programu yetu ya kuhariri video ndani ya kivinjari iipe video wima haki sawa na video ya mlalo, au tuendelee na turubai moja tu la 1920 kwa 1080? Kwa sasa mtu akileta klipu aliyoipiga simu ikiwa imesimama, tunaiweka katikati, tunaijaza weusi kushoto na kulia, na faili inatoka hivyo hivyo. Katika upana wa pikseli 1920, picha yake inabaki na 607 hivi. Zaidi ya theluthi mbili ya fremu ni weusi mtupu. Akiirudisha kwenye simu ile ile aliyoipigia video hiyo, fremu nzima inabanwa ili ienee kwenye upana wa skrini, na mtu aliyekuwa amejaa kioo kizima anabaki wa ukubwa wa stempu.

Wenzangu wawili wanapinga, na hoja zao si za kubezwa. Wa kwanza anasema macho ya binadamu yamepangwa upande kwa upande, kwa hiyo tunaona kwa upana kuliko kwa kimo. Wa pili anasema televisheni, kompyuta na projekta zote zimelala, na kuunga mkono video wima ni kubariki uvivu wa kutogeuza simu.

Hoja ya macho ingenishinda kama skrini ingejaza uga wote wa kuona. Simu haijazi. Ukiishika mbele yako inachukua sehemu ndogo tu ya unachokiona, na ndani ya sehemu hiyo kinachoamua ni umbo la kitu kilichopigwa. Mtu aliyesimama ni mrefu. Mnara ni mrefu, ngazi ni ndefu, mcheza ngoma anayeruka anahitaji nafasi juu ya kichwa kuliko ubavuni. Mpiga picha za mnato huwa anageuza kamera kulingana na kilicho mbele yake, wala haitwi mvivu.

Tena umbo la fremu halijawahi kuwa sheria ya maumbile. Filamu ya milimita 35 ilianza na uwiano wa karibu 4:3 katika miaka ya 1890, kwa sababu za utepe na mashine za wakati ule. Mwaka 1930 Sergei Eisenstein, mwongozaji filamu wa Kisovieti, alisimama mbele ya watu wa sinema kule Hollywood akawalaumu kwa kuing'ang'ania fremu ya mlalo, akapendekeza mraba ambao ndani yake picha ingeweza kusimama au kulala. Hakusikilizwa. Mwaka 1953 ikaja CinemaScope, mfumo wa sinema pana, picha ikapanuka hadi mara mbili na nusu ya kimo chake, kisha filamu hizo zilipopelekwa kwenye televisheni za 4:3 zikakatwa pande zote mbili huku mtambo ukivuta dirisha kushoto na kulia kumfuata anayesema. Waongozaji walilalamika kwa miaka mingi. Tatizo tunalobishania leo ni lile lile, limegeuzwa tu nyuzi 90.

Februari, mwanzoni

Tumekubaliana kwamba tunaunga mkono. Sasa swali ni kuunga mkono maana yake nini, na hapa ndipo ninapotaka kushika msimamo mapema kabla msimbo haujaandikwa.

Njia nyepesi ni kuongeza chaguo kwenye dirisha la kutoa faili: "wima, 1080 kwa 1920". Mtu anahariri kwa mlalo, mwisho anabonyeza, programu inakata katikati. Siitaki njia hiyo. Ukichagua umbo mwishoni, kila uamuzi ulioufanya kabla yake uliufanya ukitazama picha nyingine: maandishi umeyaweka pembeni mahali ambapo hapatakuwepo tena, na watu wawili umewaacha kwenye ncha mbili za fremu. Umbo lazima liwe sifa ya mradi tangu unapofunguliwa, na dirisha la kutazamia lionyeshe umbo hilo hilo muda wote.

Mwenzangu wa pili, yule wa televisheni, ameuliza kama basi tuhamie wima moja kwa moja, maana ndiko watu waliko. Hapana. Instagram ilianza mwaka 2010 ikikubali mraba peke yake, ikafungua milango kwa picha za mlalo na wima Agosti 2015. Juni 2018 ikazindua IGTV, huduma yake ya video ndefu, kwa video wima tu, na kabla mwaka haujaisha, Mei 2019, ikakubali za mlalo pia. Jukwaa lenye nguvu zote zile halikuweza kuwalazimisha watu umbo moja. Sisi ambao kazi yetu ni kumpa mtu kifaa, hatuna hata sababu ya kujaribu.

Kwa hiyo hakuna umbo la chaguo-msingi. Mradi mpya unachukua umbo la klipu ya kwanza inayoingizwa, na mtumiaji anaweza kulibadilisha wakati wowote: 16:9, 9:16, 1:1, 4:5, au vipimo anavyoandika mwenyewe.

Februari, katikati

"Unachukua umbo la klipu ya kwanza" ni sentensi rahisi kuandika. Utekelezaji wake umetuingiza ndani ya faili zenyewe, na nimejifunza kuheshimu kitu kidogo sana.

Simu nyingi zikipiga video zikiwa zimesimama, kitambuzi cha kamera hakigeuki. Kinaendelea kusoma picha kwa mlalo. Faili ya MP4 inahifadhi fremu za 1920 kwa 1080 zilizolala ubavu, kisha kwenye kichwa cha mkondo wa video, yaani sehemu ya maelezo yake, katika kisanduku kiitwacho tkhd, inaandika jedwali la namba tisa linalosema: unapoonyesha, zungusha. Bila kusoma namba hizo tisa, programu inaona upana ni mkubwa kuliko kimo na inaapa kwamba hii ni video ya mlalo. Kulinganisha upana na kimo peke yake hakukuambii chochote.

Elementi ya video ya kivinjari inazisoma na kuzungusha yenyewe, ndiyo maana dirisha la kutazamia lilikuwa sawa siku zote. Lakini vijipicha vya kwenye mstari wa muda tunavitoa kwa WebCodecs, zana ya kivinjari ya kushughulikia video fremu kwa fremu, ambako sisi wenyewe ndio tunaofungua faili na kukikabidhi data kisimbuaji, yaani kinachoigeuza data kuwa picha, na fremu zinakuja zimelala kama zilivyohifadhiwa. Upande wa seva, FFmpeg, programu huria ya kuchakata video, inazungusha yenyewe bila kuombwa. Njia tatu, tabia tofauti, klipu moja. Ukiongeza mzunguko wako juu ya ule wa FFmpeg, mtu anatoka kichwa chini.

Dawa tuliyochagua: mzunguko unasomwa mara moja tu, faili inapoingizwa, unaandikwa kwenye kumbukumbu ya klipu, na tangu hapo hakuna sehemu nyingine ya programu inayoruhusiwa kuusoma tena kutoka kwenye faili. Kwenye seva tumeizima tabia ya kuzungusha kwa hiari. Vijipicha sasa vinasimama.

Kuna hali moja ambayo hakuna msimbo utakaoitatua. Mtu anayepiga kazi ya mikono mezani huishika simu ikitazama chini kabisa. Kitambuzi cha mvutano kinategemea kujua ni ubavu upi wa simu unaoelekea ardhini. Simu ikilala bapa, hakuna ubavu unaoelekea chini, na simu inabaki kukisia. Halafu mzunguko ulioandikwa mwanzoni mwa kurekodi ndio unaodumu hadi mwisho wa klipu, hata ukiigeuza simu katikati. Kwa hiyo kitufe cha kuzungusha nyuzi 90 kwa mkono kinabaki, tena mahali pa wazi, si ndani ya menyu ya tatu.

Februari, mwishoni

Namba ya wiki hii ni 607.5.

Ukitaka kipande cha 9:16 kutoka kwenye fremu ya 1920 kwa 1080, kimo ni 1080 na upana unaotoka ni 607.5. Nusu pikseli haipo. Zaidi ya hapo, video nyingi huhifadhi rangi kwa mfumo wa 4:2:0, ambamo pikseli nne, mbili juu na mbili chini, zinagawana thamani moja ya rangi, kwa hiyo vipimo lazima viwe namba shufwa. Kata 608 kisha kuza hadi kimo 1920, unapata upana wa 1080 na ushee. Kata 606, unapungukiwa. Kwa macho ni tofauti ndogo sana, lakini mtu anayebadilisha umbo mara kadhaa asione picha ikitambaa. Tumelihamishia zoezi zima kwenye WebGL, zana ya kivinjari ya kuchora picha: dirisha la kukata linahesabiwa kwa desimali, na ni turubai la mwisho pekee linalolazimika kuwa shufwa.

Kinachonisumbua zaidi ni ubora. Kipande hicho kina pikseli 656,100 na tunakitandaza juu ya turubai la pikseli 2,073,600. Kila pikseli halisi inalazimika kujaza nafasi ya zaidi ya tatu. Ngozi inakuwa laini kama imepakwa nta, maandishi madogo yanavunjika. Klipu ya 3840 kwa 2160 haina shida hiyo, kwa kuwa kipande chake kina upana wa 1215, kimezidi mahitaji. Nimeomba tuweke alama ndogo kwenye klipu pale picha inapokuzwa kupita ukubwa wake halisi, na mwenzangu anaona itawatisha watu. Mimi naona ni haki yao kujua kabla hawajachapisha. Alama imewekwa; haimzuii mtu chochote.

Machi, wiki ya pili

Tumefika kwenye kugeuza video ya mlalo kuwa wima, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Wazo la mashine kumfuata mhusika si jipya. Premiere Pro, programu ya Adobe ya kuhariri video, ilipata kipengele hicho mwaka 2019, na Google ikatoa AutoFlip kwa msimbo huria mwaka 2020. AutoFlip inatafuta nyuso na vitu muhimu katika kila onyesho, kisha inaamua kama dirisha la kukata litulie, litembee taratibu kuelekea upande mmoja, au limfuate mhusika. Tulijenga yetu kwa mantiki inayofanana, na kwa mtu mmoja anayezungumza ilifanya vizuri tangu mwanzo.

Halafu tukampa mwalimu wa lugha ya alama aijaribu. Masomo yake ya zamani yote ni ya mlalo, na wanafunzi wake wanayatazama kwenye simu. Programu ilimpata uso mara moja, ikamshika, ikausogeza uso katikati kwa ustadi. Mikono ikakatika. Alama zinazofanyika pembeni ya bega zilitoka nje ya fremu, na alipoinua mkono wa kulia mbali kidogo na mwili, ncha za vidole tu ndizo zilizobaki. Kwa mtazamaji anayesikia, video ilionekana nzuri kabisa. Kwa mwanafunzi wake, ni sawa na mtu anayezungumza huku sauti ikikatika kila sekunde.

Alituandikia kwa upole: "Mwanangu, uso ni nusu ya sentensi. Nusu nyingine mmeitupa."

Nimeisoma sentensi hiyo kwa timu nzima. Kifaa kinachoamini kwamba uso ndio mtu, kinaamua kwa niaba ya mhariri kitu ambacho mhariri hakukiamua. Anayetumia lugha ya alama anahitaji nafasi kuanzia juu kidogo ya kichwa hadi kiunoni, na upana wa viwiko vyote viwili vikiwa vimefunguka. Mpiga gitaa anahitaji mikono na shingo ya gitaa. Fundi anahitaji ncha ya kifaa chake.

Kwa hiyo tumebadilisha mpangilio. Mtumiaji kwanza anachora kisanduku kuzunguka kile kisichopaswa kukatwa, na programu inakilinda. Kisanduku kikiwa chembamba, dirisha linajaza turubai. Kikiwa kipana kuliko 607 na ushee, programu haikati. Inaipunguza picha hadi kisanduku chote kiingie, na inaacha nafasi juu na chini ambayo mtu anaweza kuijaza kwa rangi, ukungu wa picha yenyewe, au maandishi. Uso unatafutwa pale tu ambapo mtu hajachora chochote.

Masomo ya mwalimu sasa yanatoka na mikono yake yote miwili. Bado anasema atapiga upya kwa wima akipata nafasi, maana mwili wa mtu anayeonyesha alama unaenea vizuri kwenye fremu iliyosimama. Nakubaliana naye.

Machi, mwishoni

Mahojiano ya watu wawili. Wameketi kwenye ncha mbili za fremu ya mlalo. Dirisha la wima haliwezi kuwashika wote. Kurukaruka kutoka kwa mmoja hadi mwingine kunaua kitu ambacho mimi nakipenda katika mahojiano, yaani uso wa anayesikiliza.

Tumeongeza kuwapanga juu na chini. Kila mmoja anapata 1080 kwa 960, na hapa hesabu imetupendelea: kipande hicho kinakatwa kutoka kwenye fremu ya 1920 kwa 1080 bila kukuzwa hata kidogo, kwa hiyo ubora wote unabaki. Kasoro yake ni kwamba vipande viwili vya upana wa 1080 vinapishana kwa pikseli 240 katikati. Watu wakikaa karibu karibu, bega la mmoja linachungulia kwenye kipande cha mwenzake. Katika hali hiyo tunasogeza ndani kidogo na alama ya ubora inawaka. Imetosha kwa sasa.

Aprili, mwanzoni

Wiki ya skrini ya mhariri mwenyewe. Kwenye kompyuta ya mapajani, dirisha la kutazamia likiwa na kimo cha pikseli 600, video wima inapata upana wa 337, na kushoto na kulia pamekaa bure. Mstari wa muda nao unakula sehemu yote ya chini. Katika miradi ya wima sasa dirisha la kutazamia linahamia kulia na kuchukua kimo chote cha skrini, na klipu pamoja na mstari wa muda vinakaa kushoto. Yule mwenzangu wa hoja ya macho ndiye aliyeupendekeza mpangilio huu na ndiye aliyeujenga, na ni kazi nzuri mno.

Manukuu yametuchukulia muda mrefu. Kipimo kinachotumika sana kwenye video za mlalo ni herufi 42 kwa mstari. Kwenye upana wa 1080, kwa ukubwa wa herufi unaosomeka ukiwa umeishika simu mkononi, unapata karibu nusu ya hapo. Lugha yenye maneno marefu, kama yetu, inaishia kuwa na maneno mawili kwa mstari na mara nyingine moja. Tumeacha kuhesabu herufi. Tunapima upana halisi wa maandishi na kukata mstari penye pumzi ya sentensi, kisha muda wa kila nukuu unagawanywa upya ili msomaji asikimbizwe.

Nukuu zenyewe zikae wapi? Zamani televisheni za kioo kinene zilikuwa zinameza kingo za picha, watengenezaji wakajiwekea eneo salama la maandishi. Leo kingo hazimezwi, ila majukwaa ya video fupi yanafunika sehemu ya chini kwa maelezo na upande wa kulia kwa vitufe. Vipimo hivyo hubadilika majukwaa yanapobadilisha sura, kwa hiyo tumeviweka kama vivuli vinavyowashwa na kuzimwa, vilivyohifadhiwa nje ya msimbo ili viweze kusahihishwa bila kutoa toleo jipya.

Aprili, katikati

Kutoa faili. Kulikuwa na hofu kwamba video wima itailemea mashine zaidi. Pikseli ni zile zile. H.264, mfumo wa kubana video tunaotumia, inagawa picha kwa vigae vya 16 kwa 16, na kwa kuwa 1080 haigawanyiki kwa 16, kisimbaji, yaani kinachoibana picha kuwa faili, kinaandika 1088 na kuacha maelekezo kwamba 8 za ziada zikatwe. Kwenye mlalo ziada iko chini, kwenye wima iko kulia. Vigae ni 8,160 kwa pande zote mbili, chini ya kikomo cha 8,192 cha daraja la 4 la mfumo huo.

Kikwazo kipo kwenye maunzi. Baadhi ya visimbaji vilivyomo ndani ya vifaa vimewekewa kikomo cha kimo kana kwamba hakuna atakayetoa picha iliyosimama, na vinakataa 1920 kwenda juu. Tunauliza kwanza kupitia WebCodecs kama kifaa kinakubali vipimo hivyo. Kikikataa, kazi inahamia kwenye kisimbaji cha programu. Ni polepole lakini inafika. Pendekezo la kutoa faili iliyolala na kuandika mzunguko kwenye kichwa chake nimelikataa. Tumeona wenyewe jinsi namba tisa zinavyoweza kupuuzwa njiani. Faili inayotoka kwetu iwe imesimama kwa pikseli zake halisi.

Aprili, mwishoni

Toleo la majaribio limefika kwa wajaribu wote. Kilichobaki, na ninakitaka kabla ya toleo kamili, ni mradi mmoja kuwa na sura mbili. Mwenye kutoa kazi kwa televisheni na kwa simu asihariri mara mbili. Mikato na sauti vitumike kwa pamoja. Visanduku vya kulinda, manukuu na mpangilio vihifadhiwe kwa kila umbo peke yake. Ukiondoa sekunde tatu kwenye umbo la mlalo, ziondoke na kwenye la wima. Ukisogeza nukuu kwenye la wima, ile ya mlalo isiguswe.

Muundo wa data tumeshauchora. Suala lililo wazi ni mpito kati ya klipu: mpito wa kusukuma picha kando una maana kwenye fremu pana, lakini kwenye fremu nyembamba picha inapita haraka mno hata jicho halishiki kitu. Mwenzangu anataka mpito ubadilike wenyewe uwe wa kusukuma juu. Mimi nataka mhariri aulizwe. Jumatatu tunajenga zote mbili na kuwapa wajaribu wachague.